A Nane za Bibi Harusi

Kiwanda cha Chapa,
Biharamulo.
15 Oktoba 1978

Mpenzi Deodata,

Kabla hujauliza: siumwi, sijafukuzwa kazi, na sijaona msichana mwingine. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa napanga kadi yetu ya harusi. Nimeipanga kwa siku tatu, kazi ambayo Mzee Makame, msimamizi wetu, anasema mpanga herufi mwenye akili huimaliza kabla ya chai.

Nikueleze. Hapa kiwandani tuna droo nyingi za herufi za kawaida, zile za matangazo ya mikutano na madaftari ya ofisi. Lakini chini kabisa ipo droo moja ya herufi kubwa za urembo, zilizoletwa na mapadri sisi hatujazaliwa. Kila herufi ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, chini ina vijiguu, na kila kijiguu kimevaa kiatu. A yake imefungwa jani kiunoni. Tunaiita droo ya Bibi Harusi, maana haifunguliwi ila kwa harusi na upadrisho.

Shida ni kwamba herufi zenyewe ni chache. A zipo nane tu. Sasa hesabu, mwalimu: Leonidas ina A moja, Ndayisaba tatu, Deodata mbili, Nkeshimana mbili. Nane! Haikubaki hata moja. Rafiki yangu Xavery anasema ninafuja mali ya kiwanda. Mimi nasema ni Mungu. Na kati ya jina langu na lako nimeweka alama ambayo ipo moja tu katika droo nzima. Wazungu huiweka badala ya "na". Imejipinda kama mharage unaotafuta mti wa kushika. Sisi tunaiita Fundo.

Nafasi ya tarehe nimeiacha tupu. Padri anasema labda Januari, lakini hajaanza kututangaza kanisani, anangoja kwanza mahari. Na baba mkubwa ameahidi ng'ombe watafika kwenu baada ya mavuno ya maharage. Rubisi ya kujulishana, ile pombe ya ndizi, tulishakunywa, basi usiwe na wasiwasi. Tarehe ikipatikana tu, naijaza na kuchapa nakala mia. Hapa kwetu kuna mwiko: kilichopangwa hakifumuliwi kabla hakijachapwa. Mzee Makame anasema ukikifumua, mkono wako hautapanga vizuri tena mpaka unazeeka.

Mpe baba shikamoo yangu.

Wako anayenuka wino,
Leonidas


Kijiji cha Ujamaa,
Nyakisasa, Ngara.
19 Novemba 1978

Shemeji Xavery,

Salamu nyingi. Tumeonana mara moja tu, siku ile ya rubisi ya kujulishana, ulipokaa karibu na mlango ukala ndizi zako kwa aibu kama umezikopa. Nakuandikia kwa kuwa wewe ndiye rafiki yake, na ndiye unayekaa naye chumba kimoja.

Leonidas amekwenda vitani. Nadhani unajua. Lori la mgambo lilipita hapa tarehe tano, naye akiwemo, wakapewa ruhusa ya kulala, asubuhi wakapanda tena. Kijiji chetu kina redio moja ofisini na watu wote tunaizunguka kama kuku. Tunachanga mahindi, tunachanga mbuzi. Ya mahari hakuna wa kumuuliza, maana baba mkubwa wake kule Nemba ametuma neno kwamba vita kwanza.

Shemeji, nina ombi. Ile kadi aliyoipanga, usimruhusu mtu yeyote aifumue. Najua ni vipande vya madini ya risasi na kamba. Lakini vimepangwa kwa mikono yake, na sasa hivi sina kitu kingine cha mikono yake ila barua tatu.

Ukienda kazini mpe Mzee Makame shikamoo.

Deodata Nkeshimana,
Mwalimu wa elimu ya watu wazima


Biharamulo
3 Desemba 1978

Kwa shemeji Deodata,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Salum, dereva wa lori la mahindi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Kadi ipo. Imefungwa kamba mara mbili, imelazwa juu ya rafu, nimeifunika gazeti. Nimeandika juu yake KAZI INANGOJA.

Wewe fundisha watu kusoma na usali. Mengine niachie mimi.

Kuhusu ndizi, nilikuwa na njaa, haikuwa aibu.

Xavery


Nyakisasa
11 Februari 1979

Shemeji Xavery,

Tangu Desemba sijakusumbua, lakini leo nakusumbua. Naomba uichape ile kadi sasa. Usingoje.

Weka tarehe yoyote baada ya Pasaka. Usichape mia, chapa ishirini. Kumi nitumie mimi, nyingine zipeleke Nemba kwa mama yake, Mama Ildefonsa, na kwa baba mkubwa, ili kila mtu aione kwa macho yake. Leonidas mwenyewe aliipanga, kwa hiyo si mimi ninayejitangaza. Nimemwandikia yeye Januari kumweleza. Sijapata jibu, na sijui kama barua zinawafikia huko waliko.

Usiniulize kwa nini nina haraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wewe mwenyewe unajua. Kama kuna gharama nitalima kibarua.

Nakusihi, shemeji.

Deodata


Biharamulo
25 Februari 1979

Kwa Deodata,

Barua yako nimeisoma mara mbili na sikuipenda.

Karatasi yote iliyopo ni ya matangazo ya vita. Hata mwaliko wa upadrisho umekataliwa. Na kama karatasi ingekuwepo, kadi isiyo na bwana harusi ni kadi ya nini? Wenzake wanakunywa maji ya matope huko Uganda, na wewe unataka kugawia watu kadi zenye maua. Utawaambia nini wale ambao watoto wao wapo naye? Nilikuona siku ile ya rubisi ukicheka na kumjibu kila mzee, nikasema moyoni rafiki yangu amepata mke jasiri. Sasa sijui.

Kadi ni yake. Akirudi ataijaza tarehe mwenyewe. Mimi nimeahidi kuilinda, sikuahidi kuichapa.

Usikasirike. Au kasirika, lakini ngoja.

Xavery


Nyakisasa
13 Aprili 1979

Shemeji,

Nilikasirika. Nilikuandikia barua mbili nikazichana. Leo nimekusamehe kwa sababu Kampala imeanguka!

Ni Ijumaa Kuu na watu wanapiga ngoma, padri amenuna, hajui awakaripie au acheze nao. Wanafunzi wangu wazee wameandika ubaoni TUMESHINDA, na mmoja ambaye hajawahi kuandika neno zima bila kunitazama ameliandika peke yake. Nimelia mbele yao. Wamedhani ni furaha tu.

Sasa watarudi, si ndiyo? Mgambo watarudishwa kwanza, wana mashamba. Nijulishe siku utakayomwona akishuka garini. Nitumie hata neno moja kwa Salum. Kuna jambo nimelificha mpaka linakaribia kunishinda, na ni yeye anayetakiwa kulisikia kwanza.

Deodata


Biharamulo
22 Aprili 1979

Kwa shemeji,

Barua imefika. Nashukuru kwa msamaha.

Kazi ni nyingi. Ofisi imetuletea orodha ndefu ya kuchapa. Kadi ipo mahali pake.

Jitahidi kula vizuri.

X.


Nyakisasa
6 Mei 1979

Xavery,

Mtu aliyenikaripia kwa ukurasa mzima ananiambia "jitahidi kula vizuri." Hujaandika lini atarudi. Hujaandika hata jina lake. Nimeisoma barua yako kama mama anavyosoma uso wa daktari.

Basi nitakueleza langu, kwa kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Nina mimba. Ni ya tarehe ile lori lilipolala hapa. Kwa sababu hiyo nilitaka kadi ichapwe Februari, sikuwa na haja ya maua yako. Nilitaka ukoo wake waione kabla tumbo halijaonekana, waseme, kweli, huyu ni wetu.

Sasa tumbo linaonekana. Baba ameacha kula pamoja nami. Amesema mtoto asiye na ukoo hazaliwi uani kwake, na kwamba Juni ikiisha bila wa kunichukua, nitafute pa kwenda. Nilimtuma shangazi Nemba. Mama Ildefonsa alilia bila kusema kitu, kwa sababu pale anayesema ni baba mkubwa. Na yeye alisema hivi, shangazi amenirudishia neno kwa neno: "Rubisi tulikunywa, mahari hatujatoa. Msichana aliyeachwa na askari, mimba inaweza kuletwa na yeyote."

Na yeyote! Mimi!

Sikuombi kadi tena. Nakuomba jibu. Leonidas yuko hai? Ukinijibu "jitahidi kula vizuri" nitajua wewe si rafiki yake.

Deodata


Biharamulo
14 Mei 1979

Dada yangu Deodata,

Barua hii Salum atakupa mkononi. Ukimaliza kuisoma ichome, na ukilia, lia shambani mbali na watu.

Leonidas amefariki. Ni mwezi wa tatu, huko Uganda, na wamemzika pamoja na wenzake. Nisamehe. Nimeandika sentensi hii kwenye karatasi nne kabla ya hii.

Wilaya imeagiza hati za heshima kwa familia za waliokufa, na imetaka majina yachapwe kwa herufi za Bibi Harusi, kwa kuwa bwana mmoja aliwahi kuziona kwenye kadi akazipenda. Orodha ililetwa tarehe ishirini Aprili, majina kumi na mbili. Mimi ndiye niliyeisoma. Jina lake lilikuwa la tisa. Tuliambiwa familia zisijue mpaka wakubwa waende wenyewe siku ya hati, na Mzee Makame alifunga mlango akasema neno likitoka humu ndani tutaozea jela sote. Kwa hiyo nilikuandikia ule vizuri. Sikujua la kuandika.

Mzee Makame aliniamuru nifumue kadi yenu siku ileile, maana A zote nane zimo humo, na huwezi kuandika jina la mtu wa huku bila A. Nilikataa. Nimefanya naye kazi miaka saba na sijawahi kumkatalia. Nilikwenda nikakata tawi la mpera, nikachonga A sita za mti kwa wembe, kinyumenyume, na jani kiunoni. Mbili za kwanza ziliharibika, ya tatu ikafaa. Wale kumi na mmoja nimewachapa kwa A za mpera.

Jina lake nililiacha la mwisho. Kila siku Mzee ananiuliza na kila siku nasema kesho.

Nilikudhania vibaya, Deodata. Februari nilikuita mwanamke wa maua, na wewe ulikuwa unamtafutia mtoto wake mlango. Ningeichapa siku ile, ingetoka Leonidas akiwa bado hai. Nalala na jambo hilo, naamka nalo.

Sasa sikia. Hati imeandikwa juu, kwa herufi za kawaida: HATI YA HESHIMA KWA FAMILIA YA. Halafu inafuata nafasi ya jina. Nimeuleta mstari wake kutoka kwenye kadi, kama alivyoupanga, na Fundo, na mstari wako, sikugusa herufi hata moja. Vimeingia katika nafasi ile bila kubaki hata unywele. Nikachapa nakala moja ya kusahihishia, nikampelekea Mzee Makame.

Aliitazama muda mrefu. Anajua kusoma kuliko sisi wote. Halafu akaweka kidole kwenye karatasi akasema, "Mstari wa pili umeinama kidogo. Unyooshe, kisha uchape." Akarudi mezani kwake.

Imekwenda kutiwa sahihi katikati ya zile nyingine. Ikirudi haijasomwa, mimi na Mzee tumepona. Ikisomwa, hujawahi kunifahamu.

Siku ya Nemba ni Jumamosi, 16 Juni. Njoo na baba yako. Mwambie unakwenda kumsalimia Mama Ildefonsa, mwambie lolote. Salum ana nafasi kwenye lori. Mpaka siku hiyo wewe hujui kitu. Fundisha, pika, cheka. Najua ninachokuomba.

Xavery


Nyakisasa
18 Juni 1979

Xavery,

Barua yako niliichoma. Wiki nne na siku nne nimefundisha herufi ubaoni, na kila nilipofika kwenye A nilipeleka macho dirishani. Mzee mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, jicho linakusumbua?" Nikasema vumbi la chaki. Usiku sikulala, mchana nilicheka. Sitaki kuwa shujaa wa namna hiyo tena.

Baba alikubali kuja kwa hasira.

Uwanja wa shule ulijaa. Wakubwa walikaa mezani chini ya turubai, hati zimelala mbele yao zimewekewa mawe zisipeperuke. Nilikaa nyuma na wanawake, khanga mbili juu ya tumbo. Bwana wa wilaya alianza kusoma majina, na kila jina watu walipolisikia kwa mara ya kwanza kilio kiliinuka upande mmoja wa uwanja. Majina ya Nemba yalikuwa matatu. La kwetu la mwisho.

Alisoma: "Hati ya heshima kwa familia ya Leonidas Ndayisaba..." Mama Ildefonsa alianguka. Mimi nilikuwa nalijua neno hilo mwezi mzima, na bado lilinipiga kama sijawahi kulisikia. Yule bwana alisubiri, akafuta miwani, akaitazama karatasi tena. Niliona midomo yake ikisoma mbele kimya kimya. Halafu akasema kwa sauti ileile, "...na Deodata Nkeshimana. Mama huyu yupo?"

Sikuweza kusimama. Baba alisimama. Baba yangu, ambaye hajala na mimi tangu Pasaka. Alisema, "Yupo. Huyu hapa." Akaninyanyua kwa kiwiko.

Nilipita katikati ya watu wote na tumbo langu. Baba mkubwa alikuwa mbele, amekwisha kunyoosha mikono kupokea hati. Alifungua kinywa. Nilimwona anatazama karatasi, anamtazama bwana wa wilaya, anawatazama askari wenye bunduki, anaitazama karatasi tena. Angesema nini? Kwamba hati ya shujaa inasema uongo? Akashusha mikono. "Serikali imesema," alisema, kama mtu anayemeza dawa, akasogea pembeni.

Ila haikuwa serikali iliyonipokea. Mama Ildefonsa aliinuka kutoka mavumbini, akanishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka wa wafiwa, kushoto kwake, mahali pa mke. Hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya karatasi pale herufi zilipozama, akaniuliza, "Ya kwake ni ipi?" Nikamwonyesha. "Na ya kwako?" Nikamwonyesha. Kidole chake kikarudi katikati, kwenye Fundo, kikakaa hapo.

Nimebaki Nemba siku mbili kulia naye. Nimerudi Nyakisasa kuchukua vitu vyangu. Mtoto atazaliwa Nemba. Leo baba amenichotea ugali mwenyewe.

Umeniambia tangu mwanzo kuwa si mtu wa maneno mengi. Na mimi nimeishiwa.

Deodata


Nemba, Biharamulo
12 Agosti 1979

Shemeji Xavery,

Amezaliwa Jumanne. Ni msichana. Bibi yake amemwita Eustakia, na baba mkubwa, usicheke, ameleta ndama. Anapita uani anasema mtoto ana paji la uso la nyumba yao, kama kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Sasa kifumue kile alichokipanga, shemeji. Nimekaa nikafikiri. Mwaka mzima unakaribia kwisha, na watu wanarudi kutoka vitani, wanaoa. Haiwezekani Biharamulo nzima isiwe na A kwa sababu yangu. Na najua ulivyo, utataka kuniletea lile Fundo liwe ukumbusho. Usithubutu. Lipo moja tu.

Shikamoo kwa Mzee Makame. Mwambie mstari umenyooka.

Deodata


Biharamulo
26 Agosti 1979

Kwa shemeji Deodata, na Eustakia,

Nimekifumua jana mchana, Mzee Makame akiwa amesimama nyuma yangu. A nane nimezirudisha kwenye droo. Zile sita za mpera nilitaka kuzitupa, Mzee akasema ziache, zimefanya kazi. Kwa hiyo sasa tuna A kumi na nne. Jumatano naanza kadi ya mtu wa Nyamahanga aliyerudi amekatwa mguu. Nitalitumia Fundo.

Lakini mwiko ni mwiko. Kabla ya kufumua niliyarudisha maneno yote ya mwaliko mahali alipokuwa ameyaweka, nikachapa nakala moja. Nimeifunga humu katikati ya magazeti. Ni ya mtoto, mtunzie. Nafasi ya tarehe ni tupu kama alivyoiacha. Nilifikiria kuijaza, mkono ukakataa.

Wino haujakauka vizuri. Usiikunje.

Xavery